Alisema Tusije na Kitu

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ilianza kwa kufunga mizigo. Si siku ya harusi yangu, wala siku niliyomzaa mtoto wangu wa kwanza. Hizo nazo ninazo, lakini huja nikiziita. Hii huja yenyewe, hasa karibu na Krismasi, ninapowaona ninyi vijana pale stendi ya Bunda mkishusha mabegi kutoka kwenye magari. Mtoto wa miaka miwili ana begi lake la magurudumu, kubwa kuliko sanduku nililoolewa nalo. Ndani mna nguo za asubuhi, nguo za jioni, viatu vya kanisani, viatu vya kuchezea, na mdoli ambaye naye ana nguo zake za kubadilisha. Mimi hucheka, maana mzee kucheka si dhambi. Kisha hunyamaza, na wajukuu zangu hudhani nimesinzia.

Sisinzii. Huwa nimerudi kwenye njia panda ya kwenda Butiama, nimekalia kiroba changu, ninalinda sabuni.

Wewe hukuikuta ile miaka ya dhiki, kwa hiyo nivumilie nikueleze kidogo. Dukani kulikuwa na rafu na muuzaji, basi. Nguo tulifua kwa majani ya mpapai. Uji watoto walikunywa na chumvi, na waliokuwa na ndimu walijiona matajiri. Ikisikika kwamba sukari imekuja, watu waliamka wakaenda kupanga foleni, na mwenye shughuli aliweka jiwe mahali pake akaenda shambani, jiwe likamsubiria zamu. Ugomvi wa mawe niliuona kwa macho yangu, watu wazima wakibishana jiwe la nani lilitangulia. Mtu akifariki, watu walilia mara mbili, moja kwa ajili yake na moja kwa ajili ya sanda, maana haikujulikana itatoka wapi.

Halafu mambo yakafunguliwa. Wakati wa ruksa, tulisema. Mnadani Bunda yakaanza kumwagwa marundo ya mitumba, tukiiita kafa Ulaya, na sabuni ikarudi, na sukari, na mablanketi mazito yenye mistari. Ungedhani tungefurahi kwa kiasi. Wapi. Mkono uliozoea kukosa haujui kuacha. Mimi nilikuwa nanunua mche wa sabuni huku mwingine mzima uko chini ya kitanda, na bado nikawa naota kwamba imekwisha.

Wakati huo tulikaa Guta, mume wangu analima pamba, nami nina watoto watatu. Nyabise alikuwa na miaka minane, Mafuru sita, na wa mwisho, Nyangeta, mitatu. Huyu wa mwisho alibeba jina la mama yangu mzazi, aliyekaa kijijini kule Butiama, kwenye boma la kaka yangu Magesa. Kwetu, mtoto akipewa jina la bibi yake ni lazima apelekwe kwake. Bibi humkalisha mapajani, hunywa funda la maziwa kutoka kwenye kibuyu, akampulizia mtoto kifuani na kumwambia maneno ambayo ni yao wawili. Hapo ndipo jina linakuwa lake. Kabla ya hapo ameliazima tu. Nyangeta alikuwa amefikisha miaka mitatu na jina la kuazima, kwa sababu kila mwaka nilisema mwaka huu sina cha kwenda nacho. Mtu anakwendaje kwao mikono mitupu?

Basi siku moja mfanyabiashara wa ng'ombe, jirani wa kaka yangu, alikuja mnadani akanitafuta mpaka akanipata kwenye rundo la mitumba, kichwa changu kimezama ndani.

"Dada, mama yako anasema hivi: uje na watoto, na hasa yule wajina wake. Na anasema usije na kitu. Hilo la kitu amelirudia, ameniambia nisilisahau."

"Mzima lakini?"

"Yupo. Miguu tu ndiyo inamsumbua. Siku hizi anakaaga hapo nje, anaota jua, anaangaliaga njia."

Mwanangu, hapo ndipo nilipokosea, na nataka ulione kosa lenyewe vizuri. Sikulipuuza neno la mama. Nililielewa kama sisi sote tunavyolielewa. Kwetu mtu akikwambia usije na kitu, ni adabu yake. Anakuachia wewe uonyeshe umelelewa. Ukimchukulia kwa maneno yake ukaenda mikono ikining'inia, watakusema hata ukishakufa. Kwa hiyo nilipomsikia yule bwana nikacheka, nikajisemea, mama naye kwa heshima zake. Nikarudisha kichwa kwenye rundo.

Nilikaa siku kumi. Siku kumi nzima. Blanketi la mama nilikuwa nalo, la mistari myekundu. Sabuni nilikuwa nayo, miche minne. Sukari ilipatikana. Kitenge cha mke wa kaka kilipatikana. Kilichonichelewesha ni watoto. Nilitaka kila mmoja awe na nguo za siku tatu na viatu. Mafuru alipata viatu vikubwa, nikavijaza matambara mbele. Nyangeta nilimpata gauni jeupe lenye marinda, sijui lilivaliwa na mtoto gani huko lilikotoka, lakini viatu vyake havikupatikana, nikasubiri mnada mwingine. Mume wangu, ambaye hakuwa msemaji, aliniambia mara moja tu.

"Huko watoto wa Magesa wanatembeaga peku. Hawa wako wataviona viatu ni adhabu."

Nikamwambia aendelee na pamba yake. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo, nami nilikuwa nakijua hicho kisemo tangu utotoni. Kukijua kisemo na kukisikia ni mambo mawili.

Tuliondoka Guta alfajiri, baba yao akabaki kuchuma pamba. Nilikuwa na kiroba cha nguo, kikapu cha sukari na sabuni, na blanketi nililolifunga kwa kamba. Nyabise alikuwa na furushi kichwani, Mafuru naye chungu cha samaki wakavu wa bibi. Nyangeta alitembea kwa miguu yake. Mgongo wangu ulikuwa na kiroba, mwanangu, haukuwa na nafasi ya mtoto. Njia nzima alikuwa anajifunza salamu niliyomfundisha: "Shikamoo, wajina." Aliisema kwa utingo, akaisema kwa abiria, akamwambia hata kuku mmoja aliyefungwa miguu chini ya kiti.

Saa nne asubuhi gari likatushusha njia panda, likaendelea zake Musoma. Kutoka pale mpaka kwa kaka ni mwendo wa saa tatu kwa miguu ya mtoto. Kijana kama wewe angetembea kwa mbili. Magari ya kuingia ndani yalikuwa ya kubahatisha. Pembeni ya barabara alikaa bibi mmoja akiuza viazi vitamu vya kuchemsha, amevipanga kwenye ungo. Simjui jina mpaka leo, na nimemtafuta. Alitutazama tukiteremsha, kitu kimoja kimoja, hadi tukamaliza.

"Unahama?" akaniuliza.

"Hapana, bibi. Naenda kumwona mama, huku ndani."

"Alikuagiza soko lote hili?"

"Alisema nisije na kitu," nikajibu, na nikacheka, nikitegemea na yeye atacheka.

Hakucheka. Akamenya kiazi, akampa Nyangeta, akafuta kisu kwenye nguo yake.

"Mtu mzima akisema usije na kitu, mara nyingine anamaanishaga hivyo hivyo. Sikiliza, mwanangu. Weka hiyo mizigo hapa kwangu. Mimi sihamagi, kila siku niko hapa. Mbebe huyu mdogo mgongoni, hawa wakubwa wanatembea, saa saba mko kwa bibi yenu. Kesho mtu atakuja na baiskeli kuchukua hivi vitu."

Niliangalia vile vitu. Nikaangalia sabuni. Nitakwambia ukweli ambao sikuwahi kumwambia padri: nilimwona yule bibi ni mwizi. Mtu aliyempa mtoto wangu kiazi bila kuombwa, mimi nikachunga vidole vyake. Dhiki ilikuwa imetufanya hivyo. Nikamwambia asante bibi, tutasubiri gari.

Saa sita ikaja pikapu, imejaa mabati. Dereva akatoa kichwa.

"Butiama? Mama na watoto pandeni. Mizigo haina nafasi, labda hicho kikapu tu."

Nyabise akanishika kitenge. "Mama, twende tu. Bibi anatusubiri."

Nikamfokea. Nikamwambia yeye ni mtoto anajua nini, hajui nguo zinatafutwaje. Pikapu ikaondoka na vumbi lake. Yule bibi wa viazi aligeuza ungo wake kivulini, akatupa mgongo kidogo, na ule mgongo ulinisuta kuliko maneno.

Tukakaa. Mafuru alivua viatu vyake, vidole vimechubuka. Nyangeta alilala juu ya blanketi la bibi yake, akaamka, akauliza kama tumefika, akalala tena. Lori la kwenda kubeba pamba lilitokea saa kumi, tupu, na dereva akatupakia na kila kitu chetu, hata uzi haukubaki. Nilishukuru Mungu. Nilikaa mle nyuma nikimwambia Nyabise, unaona, subira yavuta heri. Nilisema hivyo, mwanangu, kwa mdomo huu.

Tulipokaribia boma niliona watu wengi uani. Nikadhani wamekuja kutupokea. Nikaanza kulifungua blanketi ili mistari ionekane.

Mama mdogo, mdogo wake mama, ndiye aliyekuja kwenye lori. Hakutazama mizigo. Aliwapokea watoto mmoja mmoja, akawaweka chini, kisha akanishika mikono yote miwili.

"Umechelewa kidogo tu," akasema. "Saa nane alikuwa bado anaongea. Alikuwa anauliza, wamefika? Tunamwambia wako njiani. Ananyamaza, anauliza tena. Saa tisa hakuuliza."

Sikulia pale. Kilio kilinipata baadaye na hakijaniacha. Pale nilipiga hesabu tu. Saa nne, saa tano, saa sita, saa saba. Saa saba tungekuwa mlangoni, tungempata na saa nzima mbele yake. Na ile pikapu ingetufikisha hata kabla ya hapo. Nilizihesabu zile saa kwa vidole kama mtoto wa darasa la kwanza, na kila nikizihesabu zilikuwa zinatosha.

Miguu haikuwa ndiyo tatizo, bila shaka. Alikuwa amemkataza mjumbe asinitishe.

Wakati nimesimama hivyo Nyangeta aliingia ndani peke yake. Hakuna aliyemwona. Nilipomfuata nilimkuta kando ya kitanda, ameshika marinda ya gauni lake kama nilivyomfundisha. "Shikamoo, wajina," alisema. Alisubiri. Akasema tena, kwa sauti kubwa zaidi, maana nilikuwa nimemwambia bibi hasikii vizuri.

Ukutani juu ya kitanda, kwenye msumari, kulikuwa na kibuyu. Mama mdogo akaniambia habari yake.

"Tangu alipotuma ujumbe, kila asubuhi alikuwa anamwaga maziwa ya jana, anaweka ya leo. Siku zote kumi. Magesa alimwambia utayaweka wakikaribia, akasema hapana, watoto hawapigagi hodi. Hayo ya leo aliyaweka mwenyewe."

Mama mdogo alimkalisha Nyangeta mapajani, akanywa funda, akampulizia kifuani, juu ya lile gauni jeupe. Maneno hakuyajua. Yalikuwa ya mama na mjukuu wake, na hakuna mwingine aliyeachiwa. Akasema tu, "Maziwa ni yake. Pokea." Mtoto akacheka, maana yalikuwa ya baridi.

Sasa nikwambie mizigo yangu iliishia wapi, maana najua unajiuliza. Kila kitu kilipata kazi. Sabuni niliyoilinda siku nzima ndiyo aliyooshewa mama. Sukari iliingia kwenye chai ya waombolezaji, na watu walinisifu, wakasema huyu binti amekuja mikono imejaa, hakuja mtupu. Samaki waliliwa matangani. Blanketi la mistari myekundu alizikwa nalo. Alikuwa na blanketi kuukuu ambalo lingetosha, lakini kaka alisema, hili ni lake, dada amemletea. Vyote nilivibeba kwa ajili ya mama, na vyote vilimfikia, mwanangu. Mimi tu ndiye sikumfikia.

Na watoto? Mafuru hakuvigusa tena vile viatu, tuliviacha kule kule. Zile nguo za siku tatu hazikutoka kwenye kiroba, kwa sababu wake wa ukoo waliwavisha wanangu nguo za watoto wao, zilizofuliwa, bila kuniuliza. Kumbe mama alishapita nyumba kwa nyumba kabla hajalala kitandani, akawaambia, wajukuu zangu wanakuja, mwandae kaptula na vigauni. Alishawafungia mizigo wajukuu zake upande ule wa safari. Mimi sikujua kwamba mtoto anayekwenda kwa bibi yake nusu ya begi lake iko huko huko anakokwenda.

Watu husema mgeni njoo mwenyeji apone. Wengi tunadhani kinachoponya ni kilicho kwenye mfuko wa mgeni. Mama yangu alikuwa anajua anachohitaji kupona, akakitaja, akakirudia kwa mjumbe asije akasahau. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, walisema. Guu huunga. Hili langu halijaunga, na sasa nina umri aliokuwa nao yeye.

Nyangeta ni mama wa watoto wawili leo, anakaa mbali, na mtoto wake wa kike ana jina langu. Sijawahi kumwona. Alinipigia simu juzi, anasema, mama, Krismasi tunakuja, tunakusanya kusanya vitu kwanza, unataka tukuletee nini? Nikamwambia msije na kitu. Akacheka. Ninakijua kile kicheko, mwanangu. Kilikuwa changu.

Kwa hiyo ninakuambia wewe ambaye labda una masikio. Unaposafiri na mtoto, mfungie nguo ya kuvaa na nguo ya kubadilisha, sweta kwa sababu ya asubuhi za huku, na dawa yake kama anayo. Basi. Kingine kitapatikana, na kisipopatikana ataishi. Usimbebeshe mtoto aibu zako wala dhiki zako za zamani. Mtoto hajui kwamba uliwahi kukosa sabuni. Pima mzigo wako kwa swali moja: gari likiharibika hapa, naweza kumbeba mtoto nikatembea? Kama huwezi, fungua, toa, acha. Mkono mmoja uwe mtupu siku zote. Na mzee wako akisema njoo, usiulize uende na nini, uliza gari linaondoka saa ngapi.

Mimi nimekaa hapa nje, naota jua. Kibuyu kiko kwenye msumari, na asubuhi hii nimemwaga ya jana nikaweka ya leo.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akupe mzigo mwepesi na miguu ya haraka, awalinde hao ulionao mgongoni, na akufikishe ungali na mtu ndani ya nyumba anayeuliza kama umefika.